Muulize Mjomba: Mbona jeti za wakubwa zinapitiliza uwanja?

Wasomaji wangu, mwezi uliopita tuliongea habari za ndege ndogo zinazotuvusha Tanga kwenda Pemba na Unguja, na nikasema rubani akighairi kutua akazunguka msimnunie, mshukuruni. Basi meseji zikamiminika, na karibu zote zikahamia kwenye zile jeti za matajiri, zile za viti sita mpaka kumi na kitu zenye pua kali na injini mbili nyuma. Nimechagua chache. Matusi nimeyaacha, na yule kijana wa Makorora anayetaka nimtafutie jeti ya kukodi ya harusi, mwanangu, maliza mahari kwanza.

Shikamoo Mjomba. Mi ni fundi baiskeli Ngamiani. Nimeona klipu kwenye simu, jeti inang'aa inagusa chini halafu inaenda tu mpaka inatoka uwanjani inaingia majanini. Hizi si ndo za bei mbaya zenye kila kitu? Mbona Caravan, ile ndege ndogo ya hapa kwetu, inatua kila siku bila kelele?

Marahaba baba. Umeona sawasawa, na wala sio klipu moja, kupitiliza mwisho wa njia au kuchepuka pembeni ni ajali ya kawaida sana kwa jeti hizi wakati wa kutua. Ila usiilaumu ndege haraka. Mi nimekaa miaka kwenye hanga nashika spana, kwa hiyo nilianza kusoma ripoti za wachunguzi nikitafuta chuma kilichokatika, na nyingi nakuta chuma kizima, breki nzima, injini nzima, mara nyingine hata hali ya hewa safi, kilichoharibika ni namna walivyokuja.

Iko hivi. Kutua hakuanzii pale tairi inapogusa lami, kunaanza kilomita kadhaa nyuma. Wakiwa kwenye mawingu, utaratibu unaokubalika unasema wakifika kama mita 300 juu ya uwanja kila kitu kiwe kimeshakaa, magurudumu nje, flapu, yani vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa, mahali pake, spidi ileile iliyopigiwa hesabu, ndege inashuka kwa mwendo mmoja sio mara inadondoka mara inaelea. Kukiwa kweupe wanasogezewa mpaka mita 150. Ukifika hapo mambo hayajakaa, ongeza nguvu ya injini, panda, zunguka, njoo upya. Sasa Flight Safety Foundation, taasisi ya Marekani inayoshughulika na usalama wa ndege, walilifuatilia hili wakakuta katika kila safari mia zilizokuja ovyo, ni kama tatu tu rubani anaghairi, zilizobaki wanajikaza wanatua, na hapo wanahesabu mashirika makubwa ya abiria yenye usimamizi wa kila aina. Nyingi zinatua salama, na hapo ndo pabaya, manake mtu akija ovyo ikamkubalia mara ya kwanza na ya pili na ya tatu anaanza kuona ule ndo ujuzi wenyewe.

Ukija kwenye jeti binafsi mazingira ni magumu zaidi. Rubani wa shirika kubwa anaenda viwanja vilevile vyenye njia ndefu, kuna ofisi nzima inampigia hesabu, na mashirika mengi yanasoma data ya kila safari, akija ovyo leo kesho anaitwa aeleze. Jeti ya tajiri leo iko Geneva, kesho iko kwenye kiwanja kifupi katikati ya milima ambacho rubani hajawahi kukiona, kampuni yenyewe ina ndege mbili, marubani labda wamekutana asubuhi hiyohiyo, na zile ndogo kabisa sheria inaruhusu zirushwe na mtu mmoja. Caravan yetu ina pangaboi moja, inakuja taratibu, na rubani wake Tanga alikuja jana na kesho anakuja tena.

Shikamoo Mjomba, niko kidato cha nne nasoma fizikia. Mwalimu kasema spidi ikizidi kidogo nishati inazidi sana. Kwenye ndege ikoje?

Marahaba, na mwalimu wako kasema kweli. Nishati inakwenda kwa spidi mara spidi, kwa hiyo ukizidisha spidi kwa asilimia 10, mzigo ambao breki zinatakiwa kuumeza unazidi kwa asilimia 21. Nikupe mfano halisi upige hesabu mwenyewe.

Blackbushe, Uingereza, tarehe 31 Julai 2015. Jeti ndogo aina ya Phenom 300, rubani mmoja, abiria watatu, mchana kweupe. Akakaribia uwanja, mbele yake kuna ndege nyingine ndogo inayokwenda polepole, mtambo wa kuzuia kugongana ukaanza kumpigia kelele, akaipita kwa juu, akajikuta yuko juu mno na karibu mno na bado anataka kutua palepale. Akashusha pua. Wachunguzi wa ajali za ndege wa Uingereza, AAIB, walihesabu matangazo na onyo za sauti 66 zilizolia mle ndani kwenye dakika chache za mwisho, hebu fikiria uko peke yako unaendesha na watu wanakusemesha hivyo mfululizo. Alivuka mwanzo wa njia kwa kilomita kama 280 kwa saa wakati spidi yake sahihi ilikuwa kama 200. Chukua kalamu: 280 gawa kwa 200 ni 1.4, zidisha 1.4 kwa 1.4 unapata karibu 2, yani ndege ileile, uzito uleule, breki zilezile, kazi mara mbili. Na ndege yenye spidi ya ziada haitaki kukaa chini, inaelea juu ya lami huku lami inaisha. Ilipogusa zimebaki mita 438. Ikapitiliza, ikagonga tuta la udongo, ikarushwa, ikaangukia kwenye magari ya mnada yaliyoegeshwa jirani, ikawaka. Wote wanne walikufa. AAIB walisema akili ya rubani ilishajaa, haikuwa na nafasi tena ya kupima kitu kingine, ikang'ang'ania kutua tu.

Ongezea na haya kwenye daftari lako. Pale mwanzo wa njia ndege inatakiwa ipite kimo cha mita 15, na kila mita 3 unazozidi hapo zinakula kama mita 60 za njia. Upepo wa mgongoni wa kilomita 18 kwa saa, ambao hapa kwetu huo hata kofia hautoi, unaongeza masafa ya kusimama kama sehemu ya tano. Ndo maana ndege zinatua zikiutazama upepo, na kusi likigeuka likawa kaskazi usishangae kuona zinatokea upande mwingine wa mji, rubani hajapotea.

Mjomba mi mama lishe Chumbageni. Mafundi wanakula hela za nini kama ndege inafika mpaka chini halafu haisimami? Hawakagui?

Mama, taratibu, mafundi ni watu wangu hao. Siku ukipata bahati ya kusimama karibu na jeti iliyoegeshwa, angalia juu ya bawa kwa nyuma, utaona vibao vimelala bapa kabisa, ukipitisha kiganja unahisi ufa mwembamba tu. Hivyo ni spoila. Ndege ikigusa chini bawa bado linabeba, kwa hiyo tairi zimegusa lami lakini uzito haujashuka, ukikanyaga breki hazina cha kukamata. Vile vibao vikisimama, bawa linaacha kubeba, uzito wote unakuja kwenye tairi, hapo ndo breki zinauma. Kwenye jeti nyingi kubwa rubani anaviandaa kabla ya kutua ili ndege ikigusa chini visimame vyenyewe, ni kitu cha sekunde moja, na kimeandikwa kwenye cheklisti.

Tarehe 13 Julai 2012 Gulfstream IV ilikuwa inatua Le Castellet, kusini mwa Ufaransa, ndani kuna watu watatu wote wafanyakazi wa ndege, hamna abiria. Hawakuviandaa. Vibao havikuwa vibovu mama, vilikuwa vinasubiri kuambiwa. Ndege ikagusa, vikalala vilevile, ikawa haishikiki, ikachepuka kushoto ikaingia kwenye miti ikashika moto, wote watatu wakafa. Safari isiyo na abiria ina hatari yake hiyo, watu wanajilegeza, cheklisti inasomwa nusunusu kwa sababu hamna anayetazama.

Lakini sikatai, chuma nacho kinaachia. Februari 2025 huko Scottsdale, Arizona, Learjet ilitua gurudumu la kushoto likaachia, ikachepuka ikaenda kuigonga Gulfstream iliyopaki, rubani mmoja akafa. Zipo, ila kwenye ripoti nilizosoma ni chache kuliko zile za kuja ovyo.

Shikamoo Mjomba, bodaboda wa Kange. Masika lami ikilowa tairi inaelea kabisa nahisi sina breki. Ndege yenye tairi zile kubwa nayo inateleza?

Marahaba, tena vibaya. NASA walifanya majaribio miaka ya 1960 wakapata kanuni nyepesi: chukua upepo wa tairi kwa psi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 9, unapata spidi ambayo tairi inaanza kupanda juu ya maji, kwa noti zinazotumika kwenye ndege na meli. Gari yenye upepo wa 30 inaanza kama kilomita 90 kwa saa. Tairi ya ndege yenye psi 144 ni noti 108, hiyo ni kama kilomita 200 kwa saa. Sasa linganisha na spidi za kutua nilizompa mwanafunzi hapo juu, utaona jeti inagusa lami ikiwa tayari kwenye eneo la kuelea, na ikishapanda juu ya maji breki ni pambo. Ndo maana viwanja vingi vikubwa lami yake imekatwa vifereji vidogo vya kukatiza ili maji yakimbie. Na uzuri wa spoila na rivasi za injini, zile zinazogeuza msukumo uelekee mbele ili ndege ipunguze mwendo, ni kwamba hazihitaji tairi kushika, kwa hiyo kwenye maji ndo unazitaka mapema, sio baadaye.

Mjomba, huku Raskazone tunakusoma sana lakini safari hii nakubishia. Ulisema rubani akighairi ashukuriwe. Mbona ile ndege ya mcheza mbio za magari wa Marekani, Dale Earnhardt Jr., ilivunjika walipojaribu kupanda tena? Shika moja.

Mzee mwenzangu, umenibana na umebana penyewe. Kughairi kuna mwisho wake, na hilo mwezi uliopita sikuligusa.

Elizabethton, Tennessee, 15 Agosti 2019. Citation Latitude, marubani wawili, ndani yumo Earnhardt na mkewe na mtoto wao na mbwa. Wanakuja na spidi ya kuzidi, na wanajua, wanalisema wenyewe mle ndani, lakini hakuna aliyeghairi kabla ya kugusa. Ikagusa ikadunda, ikagusa ikadunda, katikati ya hapo rubani ameshafungua rivasi za injini, halafu ndo akaamua kupanda. Rivasi ikishafunguka injini inapuliza kuelekea mbele kuizuia ndege, huwezi tena kuiambia ghafla iondoke, haiitiki kwa wakati huo. Ikarudi chini kwa nguvu, mguu wa kulia ukakunjika, ikapita uzio ikasimama kando ya barabara kuu, moto. Walitoka wote hai, mpaka mbwa. Wachunguzi wa ajali wa serikali ya Marekani, NTSB, waliandika kosa ni kuendelea na ujio mbovu huku dalili wameziona, na kutokughairi kabla ya kugusa.

Miaka kumi na moja nyuma yake, 31 Julai 2008, Owatonna kule Minnesota, hawakubahatika. Hawker 800, watu wanane, njia imelowa, upepo unasukuma mgongoni. Rubani akachelewa kufungua vizuri vile vibao vya bawa, ndege ikakimbia sekunde kumi na kitu, akaona haisimami akaamua kuondoka tena. Njia haikutosha. Ikapita mwisho, ikagonga antena za uwanja, ikaangukia shamba la mahindi, wakafa wote. Kinachouma ni hesabu ya NTSB: angeendelea tu kukanyaga breki angetoka mwisho wa njia kwa mwendo mdogo na kusimama kwenye lile eneo la akiba lililoachwa kwa ajili hiyo. Wakataja pia uchovu, na mawasiliano mabovu kati ya wale wawili.

Kwa hiyo nashika moja, mzee wangu: ghairi ukiwa hewani, au mara tu unapogusa kabla hujafungua rivasi. Ukishaanza kusimamisha, simamisha, hata kama utaishia kwenye majani na aibu yako.

Shikamoo Mjomba. Mi dereva wa bosi mmoja hapa mjini, akichelewa kikao ananiambia kanyaga, nami nakanyaga kwa sababu mshahara ni wake. Huko juu nako bosi anaamrisha?

Marahaba mwanangu, na pole. Rubani kisheria ndo mwenye kauli ya mwisho, hata aliyepanda awe nani. Kisheria. Lakini tofauti yake na wewe ni kwamba yeye bosi yuko nyuma ya mlango, wakati mwingine hamna hata mlango, anaona saa yake na anaona uso wako.

Aspen, Colorado, 29 Machi 2001. Gulfstream III ya kukodi, abiria 15 na wafanyakazi 3, wanakwenda mji wa kitajiri wa kuteleza kwenye theluji. Wamechelewa kuondoka, na Aspen ina muda wake, usiku ndege ile isingeruhusiwa kutua. Aliyekodi alishakasirika aliposikia wanaweza kupelekwa uwanja mwingine, na manung'uniko yake yalimfikia nahodha. Theluji inanyesha, giza linaingia, milima pande zote, ndege zilizotangulia zimeghairi. Wao wakashuka chini ya kimo kilichoruhusiwa bila kuuona uwanja vizuri, wakagonga mlima kabla ya kufika. Wote 18. NTSB kwenye sababu zilizochangia waliandika waziwazi shinikizo la mteja kwa nahodha. Huo ni uchunguzi wa serikali ya Marekani unaandika kwamba hasira ya abiria ni sehemu ya ajali.

Nikushauri wewe? Kampuni nzuri zimeweka mipaka kwenye karatasi kabla ya safari, upepo ukizidi hapa hatutui, saa ikipita hapa tunakwenda kwingine, na mteja anasaini. Rubani hana haja ya kubishana na mtu, anaonyesha karatasi. Jaribu hiyo na bosi wako siku amefurahi, sio siku ya kikao.

Mjomba, niko Pangani. Kuna zile ambazo uwanja hata hazifiki, zinageuka karibu kabisa halafu zinadondoka kama zimekatiwa kamba. Zile nazo ni spidi?

Ni spidi, ila ya kupungua, pamoja na kona kali. Upepo ukilazimisha kutua upande wa pili, rubani anauzunguka uwanja chini chini akiutazama kwa macho. Akichelewa kukata kona anailaza ndege sana ili aingie kwenye mstari, na bawa lililolazwa linahitaji spidi zaidi kubeba, asipokuwa nayo linaachia, na kimo cha kujiokoa hakipo. Teterboro karibu na New York, 15 Mei 2017, Learjet imetoka Philadelphia, safari ya chini ya nusu saa, aliyeshika usukani ni msaidizi ambaye kampuni ilikuwa haijamruhusu kurusha, na hawakupangana vizuri mapema nani atafanya nini. Marubani wote wawili wakafa. Truckee, California, Julai 2021, Challenger, watu sita, hadithi karibu ileile na moshi wa mioto ya porini juu yake. Safari fupi mi naziogopa kuliko ndefu, hamna muda wa kujipanga.

Ya harakaharaka

*Ile ya Bukoba ilikuwa jeti?* Hapana. Ile ya 6 Novemba 2022 ilikuwa ATR 42, ndege ya pangaboi mbili ya abiria wa kawaida, ilikuwa inakuja kutua hali ya hewa mbaya ikaangukia Ziwa Victoria, watu 43, wakafa 19. Msizichanganye.

*Jeti binafsi inaweza kutua Tanga?* Baadhi ya ndogo, kwa karatasi, pengine. Swali la kumuuliza anayekukodisha ni hili: masafa ya kusimama yaliyo kwenye kitabu cha ndege yalipimwa na rubani wa majaribio, lami kavu, spidi kamili, breki mpaka mwisho. Marekani ndege ya kukodi kwa kawaida inatakiwa hesabu yake ya kusimama iishie ndani ya asilimia 60 ya njia, ile 40 ni akiba. Kitabu kikisema mita 900, inatafutwa njia ya mita 1,500. Akikujibu "tutajibana tu", tafuta nauli ya basi.

*Nikae kiti gani?* Chochote chenye mkanda, na ufungwe kabla hujaona majumba, kile kikochi cha pembeni kinachopendwa kupigia picha kikiwa cha mwisho. Na begi la laptopu lisiwe miguuni, nimeona mengi yakiachwa kwenye ujia mwembamba ambao ndo mlango wa kutokea.

*Mjomba, unaweza kuja kutufundisha shuleni?* Nitumieni jina la shule na siku, nauli ya daladala juu yangu, chai juu yenu.